Kuchora Ndege kwa Pesa Nairobi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Penseli Hadi Risiti

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa East African Airways, lile shirika lililoanza 1946 na kuvunjika 1977. Alitaka nimchoree Super VC10, ile ndege ndefu yenye injini nne zilizobanwa zote nyuma karibu na mkia. Nilikesha nayo wiki mbili. Injini zilitimia nne, mkia ukawa na umbo la T jinsi unavyotakiwa, na mawingu yakawa mazuri kuliko ya Mungu. Mzee akavaa miwani, akayapita mawingu yangu bila kuyatazama, akasogeza uso hadi ubavuni.

"Kijana, hii ni ndege ya nani?"

"Ni ile VC10, Mzee. Ya East African."

"Mimi sikuwahi kuigusa hii."

Nilikuwa nimeandika namba ya usajili inayoanza na 5Y, nikiamini kwamba ndege zote za shirika hilo zilikuwa za Kenya. Kumbe shirika lilikuwa mali ya nchi tatu, na ndege zake ziligawanywa katika madaftari ya nchi zote tatu: 5Y za Kenya, 5H za Tanzania, 5X za Uganda. Ya mzee ilikuwa 5H-MMT. Nilirudi nayo nyumbani kwa matatu, nikafuta, nikaandika upya, na siku niliyoirudisha alilipa bila kuomba kupunguziwa hata shilingi.

Yote yaliyo hapa chini yanatokana na siku hiyo. Hakuna anayenunua "picha ya ndege". Mtu hununua ndege yake: aliyojifunzia, aliyoitengeneza, iliyompeleka mtoto wake ng'ambo. Ukilielewa hilo, biashara hii inawezekana hata kwenye chumba kimoja cha kupanga.

Wateja wako wapi

Anza na uwanja wa Wilson, pale kando ya Lang'ata Road. Umekuwapo tangu enzi za Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, na mpaka leo umejaa ndege ndogo: Cessna za shule za urubani, Caravan zinazopeleka watalii Mara na Amboseli, ndege za madaktari wa AMREF, Dash 8 za kukodi. Hizi ndizo ndege zenye wenyewe. Ndege kubwa ya abiria ina maelfu ya watu wanaoifahamu kwa mbali. Cessna 172 ya shule ina watu arobaini wanaoijua mpaka kelele ya mlango wake.

Soko lililonipa chakula kwa muda mrefu kuliko yote ni la wanafunzi wa urubani. Siku mwanafunzi anaporuka peke yake kwa mara ya kwanza, akitua wenzake humwagia maji, simu hujaa picha, na mama yake hulia. Mchoro wa ndege ile ile, ukiwa na tarehe ya siku ile kwenye kona, ni zawadi ambayo familia hailazimiki kuifikiria mara mbili. Wakufunzi wawili watatu wakikufahamu, watakupigia wenyewe.

Baada yao wapo wastaafu: marubani, mafundi, wahudumu wa ndani ya ndege, waongozaji wa ndege. Hawa hununuliwa zawadi na wenzao kazini, na kwa kuwa ni pesa za mchango, zimekwisha kukusanywa kabla hujaulizwa bei. Kuna kampuni za safari na kambi za kitalii, ambazo hutaka Caravan ikiwa kwenye uwanja wa vumbi, swala kwa mbali, ukuta mzima. Na kuna kuta za watoto. Mzazi wa Embakasi au Utawala, mahali ndege zinapopita juu ya kamba za nguo, ana mtoto anayejua majina ya ndege hizo zote. Shule za chekechea vilevile. Kuta hazina heshima kubwa kwenye maonyesho, lakini hulipa kodi ya nyumba.

Maasai Market? Nilijaribu. Mgeni anayetembea pale anatafuta twiga na tembo, tena kwa bei ya kuvutana. Ndege zangu zilikaa juani siku nzima, nikauza moja kwa hasara. Usiende.

Kupata picha za kuigia bila kujiingiza matatani

Viwanja vya ndege ni maeneo yanayolindwa kisheria. Ukisimama kando ya ua wa JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, ukiwa na kamera yenye lenzi ndefu, utaeleza mambo ambayo hukuyapanga. Ndani ya uwanja omba ruhusa kwa maandishi kutoka kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na kwa ndege yenyewe omba mwenye nayo. Kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh usiielekezee hata simu.

Njia rahisi ni kualikwa. Mteja aliye mwanachama wa Aero Club of East Africa, klabu iliyoanzishwa 1927 na iliyopo hapo hapo Wilson, au mwanafunzi wa shule ya urubani, anaweza kukuombea nafasi ya kuingia. Ukifika kwenye banda la ndege, msalimie kwanza fundi. Rubani huja na kuondoka, ila fundi ndiye anayejua kwamba bawa la kushoto lilibadilishwa na kwamba mstari mwekundu ulipakwa upya mwaka juzi.

Usichore kutoka kwenye picha uliyoiokota mtandaoni. Ile ni mali ya mpigaji, na kuigeuza kuwa rangi hakukufanyi wewe kuwa mwenyewe. Piga yako, au mwombe mpigaji ruhusa iliyoandikwa.

Simu nayo ina ujanja wake wa kudanganya. Ukisogea karibu, pua ya ndege huvimba na mkia husinyaa kama wa mbuzi. Rudi nyuma hatua thelathini, kisha vuta kwa lenzi. Jambo la pili ni rafadha, ambayo kila mtu pale Wilson huiita propela: ikizunguka, simu huipiga ikiwa imepinda kama mundu, kwa sababu kamera yake husoma picha mstari baada ya mstari huku mapanga ya rafadha yakiendelea kwenda. Nimeona mchoro wa kuuzwa wenye mapanga yaliyopinda hivyo hivyo. Mwanafunzi wa urubani wa wiki moja ataucheka.

Piga picha pande zote nne, kisha vitu vidogo: namba za usajili, magurudumu, mlango, vioo vya rubani, antena za juu. Hesabu mapanga kwa kidole. Caravan nyingine zina matatu, nyingine manne. Dash 8 za matoleo ya awali zina manne, ila Q400 ina sita. Ile Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilianza kuipokea 2014, nyuma ya injini ina meno meno kama msumeno, na vioo vya mbele vya rubani ni vinne tu, wakati 737 ina sita.

Mchoro wa penseli ndio kazi yenyewe

Rangi haitaokoa ndege iliyopinda. Mimi hutumia nusu ya muda wangu kwenye penseli.

Tafuta kwanza michoro ya kiufundi ya ndege hiyo inayoonyesha juu, mbele na ubavu, ujue uwiano wake. Boeing 787-8 ina urefu wa mita 56.7 na upana wa mabawa wa mita 60.1, yaani ni pana kuliko ilivyo ndefu. DC-3, ile iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1935, ina mabawa ya mita 29 na mwili usiofika mita 20. Wachoraji wengi hurefusha mwili na kufupisha mabawa kwa mazoea ya jicho, ndege ikatoka kama soseji.

Chora mstari mmoja kuanzia ncha ya pua hadi mwisho wa mkia. Juu yake jenga sanduku kwa mtazamo wa umbali, kama unavyochora nyumba, kisha tia mwili ndani. Mabawa yaingie kama ubao mmoja unaopenya mwilini, wala si vipande viwili vilivyobandikwa. Ukifanya hivyo, bawa la upande wa pili litatokea mahali pake lenyewe.

Linalowashinda wengi ni duara. Midomo ya injini, magurudumu na mzunguko wa rafadha vyote ni miduara iliyolala, na mduara uliolala huonekana kama yai. Kanuni ni moja: kipenyo kifupi cha yai hilo lazima kifuate mstari wa ekseli inayopita katikati yake. Kama injini inatazama kulia kidogo, chora kwanza ekseli yake, ndipo ulikate yai kwa pembe ya mraba. Fanya mazoezi kwa sufuria: ilaze mezani, tia mwiko katikati, igeuze polepole huku unachora. Wiki moja ya sufuria ilinifaa kuliko miezi ya video.

Kisha jiulize kama ndege iko chini au iko hewani, kwa maana si kitu kimoja. Ikiwa chini, uzito unakandamiza miguu ya magurudumu na mabawa yamelala. Ikiruka, miguu ambayo bado haijakunjwa hurefuka, na mabawa ya ndege kubwa hujikunja kwenda juu. Ya 787 hujikunja mpaka yanafanana na upinde. Ikikaribia kutua, vibao vya nyuma ya mabawa vimeshuka. Ukinakili ndege uliyoipiga ikiwa imeegeshwa ukaitundika angani, itaonekana kama ya plastiki iliyoning'inizwa kwa uzi, na mteja hataweza kusema kwa nini haipendi.

Mtumie mteja picha ya penseli kwa WhatsApp kabla ya rangi. Mwambie marekebisho ni sasa, tena mara moja. Hapo ndipo namba za usajili huthibitishwa, na kwa ndege za zamani usiamini kumbukumbu ya mtu yeyote, omba picha. Kabla ya uhuru ndege za Kenya zilianza na VP-K. Vega Gull ambayo Beryl Markham, aliyekulia Njoro, aliivusha Atlantiki kutoka Uingereza mwaka 1936 ilikuwa VP-KCC. Ukimwandikia 5Y, umeisogeza historia miaka mingi.

Vifaa

Mwanzoni sinunui kanvasi ya dukani. Chukua mbao za saiprasi zilizokauka vizuri, fundi akukatie fremu yenye kingo za mteremko ili kitambaa kisiguse mbao, kisha uvute kanvasi ya pamba kwa bunduki ya pini. Mbao mbichi ni za bei nafuu, lakini baada ya miezi mitatu picha itajipinda kama mabati ya kibanda. Mafundi wengi mjini hupaka rangi nyeupe ya ukuta iliyochanganywa na gundi ya mbao ili kuziba kitambaa. Kwa mazoezi, sawa. Kwa kazi ya kuuza nunua jeso, ile rangi nyeupe ya kutayarishia kanvasi, kwa sababu ile ya ukuta hupasuka picha ikipindwa.

Mimi hutumia akriliki. Rangi ya mafuta ni tamu, ila hukauka kwa siku nyingi na wateja wa zawadi wana tarehe. Ubaya wa akriliki Nairobi ni kwamba Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, hukauka kwenye sahani kabla hujageuza kichwa. Weka kitambaa chenye maji chini ya karatasi ya kuokea na uchanganyie rangi juu yake. Rangi sita zinatosha: nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, kahawia nyekundu, njano ya udongo, nyekundu kali na nyeusi. Nyeusi ni ya magurudumu tu. Mistari iliyonyooka ya ubavuni ipatie kwa tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi: ibandike, pitisha kwanza rangi ile ile ya chini ili izibe kingo, ndipo upake mstari.

Kama unataka kujifunza herufi za ubavuni, kakae na wanaochora matatu. Mtu anayeandika jina la nganya, yaani matatu iliyopambwa, kwa mkono, bila rula, juu ya bati lililopinda, anajua kitu ambacho shule ya sanaa haikunifundisha.

Nyeupe si nyeupe

Karibu kila ndege utakayochora ni nyeupe, na hapa ndipo picha nyingi hufa. Ukitumia nyeupe ya chupani mwili mzima, umechora jokofu. Sehemu ya juu ya mwili hubeba bluu ya anga. Tumbo hubeba rangi ya ardhi iliyo chini yake: kwenye uwanja wa vumbi wa Mara, chini ya mabawa huwa na wekundu wa chungwa hivi, na kwenye lami ya Wilson huwa kijivu cha joto. Nyeupe safi iache kwa sehemu moja tu, pale jua linapogonga, labda ukucha wa kidole kwa ukubwa.

Kumbuka vilevile tuko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana kivuli cha ndege hujificha chini yake kama kuku aliyelala, na picha hukosa umbo. Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Julai anga ya Nairobi huwa kijivu siku nzima, na mimi huipenda: rangi za mkia hujitokeza zenyewe. Kwa nyuma weka vilima vya Ngong. Mtu aliye Toronto akiviona, hahitaji kuambiwa ni wapi.

Propela inayozunguka ipake mwisho kabisa, kwa rangi nyembamba yenye maji mengi, duara la ukungu unaoona kupitia, na mapanga yakidokezwa tu.

Bei

Usiangalie bei ya jirani. Andika chini. Mfano wa hesabu kwa picha ya sentimita 40 kwa 60: kanvasi na mbao 1,500, rangi 900, fremu ya nje 2,500, usafiri 600, sehemu ya kodi, stima na intaneti 1,200. Saa 18 za kazi kwa shilingi 350 ni 6,300. Jumla 13,000. Ongeza robo, yaani 3,250, kwa ajili ya brashi zitakazokufa na miezi isiyo na kazi: 16,250. Mwambie mteja 16,500. Tia namba zako mwenyewe, ila usiondoe mstari wa saa zako. Wengi huuondoa, kisha wanashangaa kwa nini wanafanya kazi usiku na mchana na bado wanakopa unga.

Chukua nusu kama arbuni kabla ya kununua mbao, na nusu iliyobaki kabla picha haijatoka mikononi mwako. Binamu na marafiki ndio hasa. Nina picha ya Fokker ukutani kwangu ambayo rafiki wa karibu "anakuja kuichukua Jumamosi". Jumamosi hiyo imepita miaka minne.

Kwa wasioweza bei hiyo, toa nakala. Piga picha ya mchoro kivulini, kamera ikiwa sambamba nao, kisha tafuta mchapishaji mwenye karatasi nzito ya pamba. Vichochoro vya River Road vina wachapishaji wa kila aina, na tofauti ya ubora ni kubwa, kwa hiyo lipia kwanza nakala moja ya majaribio uiweke dirishani mwezi mzima. Ikipauka, hamia kwa mwingine. Zinazofaulu zitie sahihi kwa penseli na namba, mathalani 7/50, na zikifika 50 usichapishe tena, hata ukibembelezwa.

Karatasi za serikali na karatasi zako

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, uwe na PIN ya KRA, na ukifungua duka au studio chukua leseni ya kaunti. Kampuni za safari zitakuomba ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, kwa sababu bila hiyo haziwezi kuhesabu malipo yako kama gharama. Jisajili mapema, usije ukakosa kazi ya ukuta mzima kwa sababu ya risiti. Tenga pesa za biashara kwa Till au Pochi la Biashara za M-Pesa. Zikichanganyika na za sukari, hutajua kama unakula faida au mtaji.

Sasa sikiliza hili, wachoraji wengi hawalijui. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi ukiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabika kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Maana yake mteja anaweza kuchapisha kalenda elfu moja kwa mchoro wako, na wewe ukiuza nakala ndiye mkosaji. Dawa ni sentensi moja kwenye makubaliano, kabla ya arbuni: "Mteja ananunua mchoro huu, hakimiliki na haki ya kutoa nakala zinabaki kwa mchoraji." Weka sahihi wote wawili. Kazi zako kubwa ziandikishe kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Nembo za mashirika ni jambo jingine. Mchoro mmoja wa ndege yenye rangi zake halisi, kwa mteja mmoja, haujawahi kunisumbua. Lakini fulana na vikombe vyenye nembo ya shirika ni kujitafutia barua ya wakili. Omba kibali, au chora ndege ikiwa mbali kiasi kwamba nembo ni doa tu la rangi.

Kuonekana, na kufikisha

Weka video fupi za kazi ikiendelea: penseli, tepu ikibanduliwa, namba za usajili zikiandikwa mwisho. Marubani hupitishiana hizo kwenye vikundi vyao vya WhatsApp. Mara moja kwa mwaka peleka kazi mbili tatu kwenye Affordable Art Show ya Kenya Museum Society pale Makumbusho ya Nairobi, mahali mnunuzi anakuja akiwa tayari na pesa ya picha.

Mjini peleka picha mwenyewe, au kwa teksi. Usiipe bodaboda, kanvasi mgongoni pale Mombasa Road ni tanga, na dereva ataiacha iende na upepo kabla hajaiacha pikipiki. Kwa wateja wa ng'ambo, ng'oa pini na uikunje kanvasi kwa mviringo rangi ikiwa upande wa nje, kwa kuwa ikiwa ndani rangi hujikunyata na kupata nyufa. Tia karatasi ya kuokea katikati, kisha uiingize ndani ya bomba la plastiki la fundi wa maji, la inchi nne, linalopatikana hadiwea yoyote. Ziba ncha zote kwa vifuniko vyake, andika anwani juu ya bomba lenyewe, na ndani uweke kipande cha karatasi chenye anwani hiyo hiyo, endapo ile ya nje itabanduka.